Kupimwa Tumbo kwa Utrasaundi: Mambo Yampasayo Mgonjwa Kuyajua



Mwezi huu twataka kuzungumza nanyi habari ya kipimo ambacho wengi katika sisi hutumwa na daktari kwenda kupimwa, nacho ni kipimo cha tumbo kwa utrasaundi, ambacho wengine hukiita picha ya tumbo. Lakini kwanza hatuna budi kuwaambia kosa letu wenyewe, maana ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima, mjane, aliumwa na tumbo upande wa kuume, chini ya mbavu. Maumivu yalimjia hasa usiku, akiisha kula chakula chenye mafuta, yakakaa saa kadhaa, kisha yakamwacha. Alivumilia miezi mingi. Mwishowe akaenda hospitali, na daktari akampa karatasi ya kwenda kupimwa asubuhi ya pili yake. Yeye hajui kusoma vema, akatuletea karatasi ile tumsomee. Tukamsomea ya kwamba asile kitu chochote tangu usiku. Akatuuliza, "Mwalimu, na chai je?" Nasi pasipo kufikiri tukamjibu, "Chai si chakula, mama. Kunywa upate nguvu ya safari."

Alfajiri mjukuu wake akamtilia chai ya maziwa, vikombe viwili, naye akanywa, akaenda zake. Alipolala kitandani mpimaji akamwuliza kama amekula. Akajibu, "Sijala kitu, mwanangu, nimekunywa chai tu." Mpimaji akatazama, akatazama tena, akasikitika. Kifuko cha nyongo kilikuwa kimejikunja kwa sababu ya yale maziwa, wala hakikuweza kuonekana vema. Akaambiwa arudi kesho yake hali hajala wala kunywa chai.

Lakini nauli ilikuwa imekwisha. Mama yule akarudi nyumbani, akakaa majuma matatu akitafuta nauli nyingine. Katika juma la tatu akashikwa na homa ya kutetemeka, na macho yake yakageuka rangi kuwa kama manjano yatiwayo katika mchuzi. Alipopelekwa na kupimwa, ikaonekana ya kuwa kijiwe kimetoka katika kifuko cha nyongo na kuuziba mfereji wake. Akahamishwa hospitali kubwa, akapasuliwa, akapona. Lakini kwa siku kadhaa watu wa nyumba ile walikaa kama watu wa matanga, na mbuzi wake wote waliuzwa. Nasi tulikaa kando ya kitanda chake tukijua ya kuwa neno letu moja, "chai si chakula," lilikuwa na sehemu katika mateso yale.

Basi twaandika ili mwingine asipatwe na hayo kwa neno la mtu ajuaye kusoma lakini hakuuliza.

CHOMBO HIKI NI KITU GANI

Utrasaundi si moto, wala si umeme upitao mwilini, wala si eksirei. Ni sauti. Mtu akisimama mbele ya jabali na kupaza sauti, jabali humrudishia mwangwi. Akiwa mbali, mwangwi hukawia. Akiwa karibu, huja upesi. Popo naye hutoa sauti ndogo ambazo sisi hatuzisikii, na kwa kusikiliza mwangwi wake hujua ukuta uko wapi na mdudu yuko wapi, hata katika giza. Katika miaka ya 1790 Mwitalia mmoja mwenye elimu, Lazzaro Spallanzani, alionyesha ya kuwa popo asiyeona aliruka pasipo kugonga kitu, bali aliyezibwa masikio aligonga huku na huku.

Chombo cha hospitali hufanya vivyo hivyo. Sikio la binadamu husikia sauti itetemekayo hata mara 20,000 kwa sekunde moja, wala halisikii zaidi ya hapo. Sauti itumikayo kupima tumbo la mtu mzima hutetemeka kadiri ya mara milioni 2 hata milioni 5 kwa sekunde. Kipande kidogo ashikacho mpimaji mkononi huipeleka sauti ndani, kisha huusikiliza mwangwi urudipo, na mashine huugeuza mwangwi ule kuwa picha katika kioo. Maji huipitisha sauti pasipo kuirudisha, kwa hiyo katika kioo huonekana meusi. Kijiwe huirudisha kwa nguvu, kwa hiyo huonekana cheupe, na nyuma yake hufuata kivuli cheusi.

Mtu wa kwanza kukijulisha sana chombo hiki katika magonjwa ya tumbo alikuwa Ian Donald, mwalimu wa ukunga katika chuo kikuu cha Glasgow, nchi ya Scotland. Mwaka wa 1955 alikwenda katika kiwanda ambamo watu walitumia sauti kutafuta nyufa ndani ya chuma, akachukua pamoja naye vivimbe vilivyotolewa katika miili ya wagonjwa, ili ajue kama sauti ile itaweza kubagua kivimbe cha nyama na kivimbe cha maji. Ikaweza. Mwaka wa 1958 yeye na wenzake, John MacVicar na Tom Brown, wakatangaza habari hizo katika gazeti la madaktari liitwalo Lancet.

Mmoja katika wagonjwa wao wa kwanza alikuwa mwanamke ambaye tumbo lake lilikuwa limejaa sana, na madaktari walikuwa wamekwisha kusema ya kuwa ana saratani isiyoweza kupasuliwa. Walipompima kwa sauti, wakaona ya kuwa yale maji hayakuenea tumboni mwote, bali yamo ndani ya mfuko mmoja mkubwa. Akapasuliwa, mfuko ule ukatolewa, akapona. Basi tazameni: mwanamke aliyekuwa akingojea kufa alirudi kwao kwa sababu ya mwangwi.

MAMBO KIONAYO NA MAMBO KISIYOYAONA

Kipimo hiki huonyesha ini, kifuko cha nyongo na mifereji yake, kongosho, wengu, mafigo, kibofu, na mshipa mkubwa wa damu upitao mbele ya uti wa mgongo. Huonyesha maji yaliyokusanyika tumboni, na majipu, na vivimbe. Kwa wanawake huonyesha mji wa mimba na vifuko vya mayai, na mtoto aliyemo.

Katika nchi zetu kina kazi nyingi. Watu wa kandokando ya Ziwa Viktoria hupatwa na kichocho cha matumbo, ambacho kikikaa miaka mingi huharibu ini. Na watu wa pwani, na wa Unguja na Pemba, hujua kichocho cha mkojo, ambacho huharibu kibofu na pengine kuziba njia ya figo. Madhara hayo yote huonekana kwa utrasaundi. Na katika miaka ya 1980 madaktari walichukua mashine za namna hii mpaka kwa Waturkana, kaskazini ya Kenya, ambako watu wengi walikuwa na mifuko ya maji katika ini kwa sababu ya mnyoo utokao kwa mbwa. Wakawapima watu huko huko kwao, wakawatambua hata wale ambao hawakujua bado ya kuwa ni wagonjwa.

Lakini chombo hiki hakioni yote. Sauti haipiti vema katika hewa wala katika mfupa. Tumbo la chakula na matumbo yana hewa ndani yake, kwa hiyo vidonda vya tumbo havionekani kwa njia hii. Kipimo chake ni kingine, yaani mpira mwembamba wenye taa upitishwao kinywani. Tena mtu mwenye mafuta mengi mwilini ni vigumu kumpima, maana sauti huchoka kabla ya kufika mbali. Kwa hiyo mtu akiambiwa, "Hatukuona kitu," asidhani ya kuwa anaitwa mwongo, wala asidhani ya kuwa hana ugonjwa kabisa. Maana yake ni kwamba katika viungo vilivyotazamwa halikuonekana neno. Kama maumivu yanaendelea, na arudi kwa daktari.

KABLA YA KWENDA

Hapa ndipo tulipokosa sisi, basi someni polepole, na ajuaye kusoma awasomee wazee.

La kwanza, ulizeni ni sehemu gani ya tumbo itakayopimwa, kwa sababu matengenezo yake si mamoja.

Kama ni tumbo la juu, yaani ini, nyongo na kongosho, mgonjwa mtu mzima kwa desturi huambiwa asile muda wa saa sita hata nane. Kifuko cha nyongo hujaa mtu akiwa na njaa, na kikijaa huonekana vizuri. Akila, hasa maziwa au mafuta, hujikunja na kumwaga nyongo. Tena chakula huleta hewa tumboni, na hewa huziba njia ya sauti. Chai ya maziwa ni chakula. Uji ni chakula. Soda ni chakula, tena ina hewa nyingi. Maji matupu kidogo kwa kawaida hayakatazwi, lakini ulizeni. Sigara na ubani wa kutafuna viachwe asubuhi ile, maana mtu humeza hewa pamoja navyo.

Kama ni tumbo la chini, yaani kibofu na mji wa mimba, mara nyingi mambo huwa kinyume: mgonjwa huambiwa anywe maji mengi, kadiri ya lita moja, saa moja hivi kabla ya kupimwa, wala asiende haja ndogo. Kibofu kilichojaa maji huyasukuma matumbo kando, kikawa kama dirisha la kutazamia. Ni taabu kidogo, lakini ni ya muda mfupi.

La pili, dawa za kila siku zisiachwe pasipo kuuliza. Kwa kawaida vidonge vya shinikizo la damu, na vya kifafa, na vinginevyo, humezwa kwa maji kidogo. Mwenye ugonjwa wa kisukari atumiaye sindano au vidonge aseme mapema, kwa kuwa kufunga huku akitumia dawa kwaweza kumwangusha. Aombe kupimwa wa kwanza asubuhi. Watoto wachanga nao hawafungi kama watu wazima; daktari atawaambia wazazi muda wao.

La tatu, chukueni karatasi ya daktari, na picha za zamani kama zipo. Picha ya mwaka jana ikiwekwa karibu na ya leo, hujulikana kama kivimbe kimekua au kimepungua. Tena ulizeni bei mapema, na kama fedha ni kidogo, ulizeni kama kuna msamaha. Kuuliza si ujinga.

La nne, vaeni nguo iliyo rahisi kufungua tumboni. Mwanamke akivaa sketi na blauzi, au kanga mbili, ni vyema kuliko gauni zima.

KITANDANI

Mgonjwa hulala chali, na tumbo lake hupakwa ute mzito ulio baridi. Ute huo si dawa. Kazi yake ni kuondoa hewa kati ya ngozi na chombo, nao hufutika kwa kitambaa. Kisha mpimaji hupitisha kile kipande juu ya ngozi, akikandamiza kidogo. Atasema, "Vuta pumzi, izuie," maana ini hujificha chini ya mbavu, na pumzi hulisukuma lishuke. Pengine atasema, "Geuka ubavu." Kazi yote kwa kawaida huchukua nusu saa au pungufu.

Hakuna uchungu, isipokuwa mahali penye ugonjwa pakigandamizwa. Hapo msikae kimya kwa adabu. Semeni, "Hapa pananiuma," maana neno hilo humsaidia mpimaji. Sisi tumelelewa kuvumilia, na uvumilivu ni jambo jema. Lakini mbele ya daktari uvumilivu usiosema ni sawa na kuficha. Wazee walisema, mficha maradhi kilio humfichua.

Mwanamke akiona haya kupimwa na mwanamume, na aombe mwuguzi mwanamke awepo, au jamaa yake. Tena katika magonjwa mengine ya wanawake chombo chembamba hupitishwa kwa njia ya uzazi. Jambo hilo halifanywi kwa ghafula: sharti aelezwe kwanza, naye ana haki ya kukubali au kukataa.

MANENO YASEMWAYO BARABARANI

Wengine husema, "Mashine ile huchoma mji wa mimba," au, "Humwondolea mwanamume nguvu." Si kweli. Eksirei hutumia mionzi, na mionzi ikizidi yaweza kudhuru. Bali utrasaundi haina mionzi ya namna ile. Imetumika kwa wanawake wenye mimba miaka mingi katika dunia yote, na kipimo kikifanywa na mtu aliyefundishwa, kwa sababu ya ugonjwa au kumtazama mtoto, hakuna madhara yaliyothibitishwa.

Wengine husema, "Bora nisijue." Neno hili tumelisikia vitandani mwa wagonjwa wengi, wala hatulicheki, maana hofu ni ya kila mtu. Lakini kijiwe hakiyeyuki kwa kutotazamwa. Kipimo hakileti ugonjwa; huukuta pale ulipo.

Tena wako watu wapitao mitaani na masokoni na visanduku vyao, wakimpa mtu kipande cha chuma akishike mkononi, kisha humsomea magonjwa ishirini na kumwuzia dawa papo hapo. Hiyo si utrasaundi, wala msidanganyike. Utrasaundi hupita juu ya mwili wenyewe, penye ute, nayo huendeshwa na mtu aliyefundishwa kazi hiyo.

BAADA YA KUPIMWA

Mgonjwa aweza kula mara moja na kwenda kazini kwake. Lakini kazi haijaisha. Kupigwa picha si kutibiwa. Twajua watu waliokwisha kupimwa, wakaona nafuu moyoni, wakaiweka karatasi juu ya dari, wasirudi tena. Karatasi ile ni barua ya mpimaji kwa daktari. Isipofika haina faida. Pengine mpimaji hatasema neno pale pale, wala msimdhanie kuwa anaficha jambo baya; mara nyingi ni kazi ya daktari kuyaunganisha maneno ya picha na damu na maumivu ya mgonjwa. Mwulizeni daktari maneno matatu: Kimeonekana nini? Sasa nifanye nini? Nirudi lini?

Wala mtu asitishike kwa neno "kivimbe" au "uvimbe." Vingine ni maji tu, navyo vyaweza kukaa miaka bila kudhuru, vingine vyataka kupimwa zaidi. Mwenye kujua ni daktari, si jirani aliyesoma karatasi. Nasi tumejifunza hayo kwa gharama ya mbuzi wa mtu mwingine.

Mwisho, yako mambo yasiyongoja siku ya kupimwa wala kutafuta nauli ya kesho: macho kuwa ya manjano pamoja na homa na maumivu, tumbo kuwa gumu kama ubao, kutapika damu au kwenda choo cheusi kama lami, mwanamke mwenye mimba, au aliyekosa siku zake, akiumwa sana tumboni au kuzimia. Mtu wa namna hiyo na apelekwe hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku, na majirani wachange nauli. Mama yule angalichangiwa nauli ile siku ya kwanza, huenda hayo yote yasingalimpata. Ilikuwa fedha kidogo, nasi tulikuwa nayo; hatukuuliza, naye aliona haya kusema.

Siku hizi yu mzima, analima shamba lake. Mtu wa mtaa wetu akipewa karatasi ya kwenda kupimwa, yeye hujikongoja mpaka kwake jioni, akamwambia, "Kesho usinywe chai. Mimi nilikunywa." Na sisi tukiletewa karatasi tusiyoielewa, hatujibu tena kwa akili zetu, twavaa viatu, twaenda kuuliza.